Likizo ya uzazi, mafao na ruzuku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyakazi na familia za Mwanza na visiwani

Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Yameandikwa kwa kumfikiria anayekata minofu ya sangara kiwandani Ilemela, anayeanika dagaa Ukerewe, muuza duka wa Nyamagana, dada wa kazi, na mvuvi anayelala mwaloni, ufukweni samaki wanakoshushwa. Sheria kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na si ngumu kuielewa. Wengi hawaponzwi na sheria, wanaponzwa na siku zilizopita na karatasi ambayo haikutunzwa. Ndiyo maana humu tarehe na hati zinatajwa tena na tena.

Sina mkataba wa maandishi. Je, nina haki yoyote?

Unazo. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mwajiri ndiye anayetakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali ulipoajiriwa, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara. Mkifikishana mbele ya tume ya usuluhishi (CMA, imeelezwa chini) au mahakama naye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Hata hivyo usikae mikono mitupu. Tunza ujumbe wa malipo wa simu, picha ya daftari la mahudhurio, kitambulisho cha getini, jina la msimamizi wako na simu za wenzako wawili watatu wa zamu moja. Kibarua wa kutwa aliyefanya kazi miezi minane bila hata ujumbe mmoja wa malipo hushindwa kesi ambayo angeishinda.

Mimi ni mvuvi, nalipwa kwa mgawo. Tajiri anasema mimi si mfanyakazi wake bali mbia. Ni kweli?

Si lazima iwe kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeweka vigezo, na kigezo kimoja kikitimia unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Vigezo hivyo ni kama hivi: unafanya kazi chini ya maelekezo ya mtu mwingine; yeye ndiye anayepanga saa zako; umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita; riziki yako inamtegemea yeye; vifaa ni vyake; hufanyi kazi kwa mtu mwingine.

Sasa tazama mtumbwi wa dagaa. Mtumbwi, injini, nyavu na taa ni vya tajiri. Yeye anaamua mtoke usiku gani na mshushe mwalo upi. Mbalamwezi ikiwa kubwa mnapumzika, lakini hata ukihesabu usiku wa giza peke yake, saa 45 kwa mwezi zinapita mapema. Kulipwa kwa mgawo baada ya kutoa mafuta na chakula ni namna ya kulipa tu. Hakufuti uajiri.

Hali ni tofauti pale ambapo wavuvi wamechanga kununua chombo, wanagawana hasara na faida, na hakuna anayemwamuru mwenzake. Hao ni wabia kweli, na njia yao ya hifadhi ni kujiunga NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kama watu waliojiajiri na kuchangia wenyewe.

Ushahidi wa mvuvi ni upi? Orodha ya wavuvi na vyombo inayotunzwa na kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo, yaani BMU, daftari la mgawo, na ujumbe wa pesa kwa simu. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya BMU kwa tahajia ileile iliyo kwenye kitambulisho cha NIDA.

Likizo ya uzazi ni siku ngapi, na nifanye nini ili nisisumbuliwe?

Siku 84 zenye mshahara kamili. Ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, siku 100. Hizi ni siku za kalenda, Jumapili zimo ndani. Likizo ya mwaka ya siku 28 iko palepale; mwajiri hawezi kusema ya uzazi imeimeza.

Utaratibu wake: mpe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari au mkunga kinachotaja tarehe hiyo. Andika barua nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, kisha uende nayo nyumbani. Msimamizi akikataa kusaini, ipige picha na uitume kwa simu yake. Tarehe ya ujumbe itasimama badala ya sahihi.

Unaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, au mapema zaidi daktari akiandika kwamba afya yako au ya mtoto inadai hivyo. Ukishajifungua, huruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki 6, isipokuwa daktari athibitishe kuwa inafaa. Wapo mama wanaofanya kazi mpaka siku ya uchungu ili siku zote 84 zibaki za kukaa na mtoto. Sheria haikatazi, ila kwa anayesimama saa tisa kwenye sakafu yenye barafu na maji ya samaki hilo si jambo la kushauriwa. Kwa kweli mjamzito na anayenyonyesha hawapaswi kupangiwa kazi ya hatari kwao au kwa mtoto. Mwajiri anatakiwa kutafuta kazi mbadala inayofaa pale inapowezekana.

Likizo hizi huhesabiwa katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri mmoja halazimiki kuitoa zaidi ya mara 4.

Sijaolewa. Inabadilisha chochote?

Hapana. Sheria haiulizi ndoa.

Nina miezi minne tu kazini, tayari nina ujauzito.

Hapa pana ugumu. Asiyetimiza miezi 6 ya utumishi hana haki ya likizo yenye malipo, isipokuwa wafanyakazi wa msimu, na wale waliomfanyia mwajiri huyohuyo vipindi kadhaa ndani ya mwaka mmoja ambavyo jumla yake inapita miezi 6. Viwanda vya samaki huita vibarua na kuwarudisha makwao kadiri mzigo unavyokuja, basi jumlisha vipindi vyako vyote kabla ya kukata tamaa.

Mtoto amezaliwa njiti. Na kama mtoto akifariki?

Kwa njiti, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanaongeza likizo ya mama kwa kipindi kilichobaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Aliyejifungua katika wiki ya 32 anaongezewa wiki 8 juu ya siku 84. Omba hospitali iandike umri wa mimba kwa wiki kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Neno "njiti" peke yake halimpi mwajiri hesabu.

Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na mama akapata ujauzito mwingine ndani ya mzunguko uleule wa miezi 36, ana haki ya siku 84 nyingine zenye malipo.

Niliporudi niliambiwa nafasi yangu imeshachukuliwa.

Kumzuia mama kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi kunahesabiwa kisheria kuwa ni kumwachisha kazi, hata kama hakuna barua. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu. Siku uliyozuiwa getini ndiyo siku ya kwanza ya kuhesabu siku 30 za kufungua shauri (tazama swali la CMA). Kosa la kawaida ni kuendelea kuambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka mwezi ukaisha.

Kunyonyesha na zamu za usiku zikoje?

Saa zisizozidi 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Mnaweza kukubaliana uzitumie kwa kuchelewa kuingia na kuwahi kutoka, jambo linalomfaa anayekaa Buswelu na kufanya kazi mjini. Zamu ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hairuhusiwi miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua wala miezi 2 baada yake.

Baba anapata nini?

Angalau siku 3 zenye malipo, nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zikipita zimepita. Mke akijifungulia Nansio nawe uko Mwanza, tuma taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo; tangazo la uzazi kutoka kituo cha afya litafuata. Zipo pia siku 4 kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, na kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shemeji na wajomba hawamo, hata kama kwetu msiba wao ni mkubwa vilevile.

Mwajiri anasema mshahara wa likizo ya uzazi nikaudai NSSF. Ni sawa?

Si sawa. Hivi ni vitu viwili. Mshahara wa siku 84 ni wajibu wa mwajiri. Fao la uzazi la NSSF ni haki ya mwanachama kutokana na michango yake. Ili ulipate unatakiwa uwe na michango isiyopungua miezi 36, na kati yake angalau 12 iwe imelipwa ndani ya miezi 36 kabla ya wiki ya kujifungua. Aliyechangia miaka mitano kisha akakaa miaka mitatu bila kazi anatimiza sharti la kwanza na kuanguka la pili.

Peleka madai mapema mara tu baada ya kujifungua, ukiwa na tangazo au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha NIDA na taarifa za akaunti ya benki yenye jina lako. Majina yasiyofanana, mathalani "Mariamu" kwenye NIDA na "Mariam" kwenye NSSF, yamechelewesha mafao ya watu wengi kuliko sababu nyingine yoyote. Rekebisha hilo ukiwa bado mjamzito. Kupanga foleni na kichanga cha wiki mbili ni mateso ya bure.

Nakatwa kila mwezi lakini michango haionekani NSSF.

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: mwajiri hawezi kukukata zaidi ya 10, inayobaki ni yake. Anatakiwa kuiwasilisha ndani ya mwezi unaofuata. Taarifa yako unaweza kuiangalia kwa simu kupitia huduma za wanachama au ofisini. Iangalie kila baada ya miezi 3. Wanaoiangalia siku ya kuachishwa hugundua pengo la miaka.

Ukiona pengo, usianze kwa ugomvi. Kusanya hati za mshahara za miezi husika zinazoonyesha makato, ziandike kwenye orodha moja (mwezi, kiasi kilichokatwa, kilichoonekana), kisha upeleke nakala kwa ofisi ya NSSF. Mfuko una mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri na kumshtaki. Kama hati za mshahara hazitolewi kabisa, taarifa ya benki ikionyesha umelipwa pungufu ya mshahara wa mkataba ni mwanzo mzuri. Wafanyakazi watano wakienda pamoja, jambo huenda haraka zaidi.

Nimeachishwa kazi. Naweza kuchukua pesa zangu zote NSSF?

Hapana, si kama zamani. Tangu mabadiliko ya 2018 kuna fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hajafikisha miaka 55. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa mara moja nusu ya michango yake mwenyewe.

Sharti linalowaangusha watu ni hili: usiwe umeacha kazi kwa hiari. Mwajiri anayepunguza watu huja na barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa, anaahidi "tukumalizie leo leo", unasaini. Kwa sahihi hiyo umepoteza fao la kukosa ajira, kiinua mgongo, na kesi ya kuachishwa isivyo halali. Omba barua ya kuachishwa. Wakikataa kukupa, ondoka bila kusaini chochote na uhesabu siku zako.

Kiinua mgongo ni kiasi gani?

Mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, ukiwa umetimiza miezi 12 mfululizo. Mfano: mshahara wa 390,000 kwa mwezi. Gawa kwa 4.333 upate wiki, gawa kwa siku 6 za kazi, unapata kama 15,000 kwa siku. Miaka 6 ni 15,000 × 7 × 6, yaani 630,000. Juu yake kuna notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo ambayo hukuichukua, na nauli ya wewe na familia mpaka mahali ulipoajiriwa kama ulitolewa huko. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo, lakini siku alizofanya kazi lazima alipwe.

CMA ni nini na naanzaje?

Ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ina ofisi Mwanza, na haitozi ada. Malalamiko ya kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, mengine kama mishahara isiyolipwa ndani ya siku 60.

Jaza fomu namba 1 ya CMA. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, upate sahihi au muhuri wa kupokea, ndipo uwasilishe CMA pamoja na uthibitisho huo. Fomu nyingi hukwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumshtaki msimamizi au jina la utani la duka badala ya mwajiri mwenyewe. Tazama jina lililo kwenye leseni ukutani au kwenye risiti. Ya pili ni kuandika "haki zangu zote" mahali pa madai. Taja kila dai na kiasi chake.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao una siku 30. Wengi humalizana hapo. Kabla ya kukubali kiasi, piga hesabu yako kwenye karatasi ukiwa nyumbani, kwa sababu makubaliano yakishasainiwa yamefunga mlango. Mkishindwana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, ambapo mashahidi husikilizwa. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Ukichelewa kuna fomu namba 2 ya kuomba kusamehewa muda, yenye kiapo kinachoeleza sababu. Kulazwa hospitali ni sababu. "Sikujua sheria" haijawahi kusaidia sana. Anayetoka Ukara aanze safari mapema. Siku 30 hazisubiri meli.

Nimeumia kazini. Nani analipa matibabu?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake (asilimia 0.5 ya mishahara) ni wa mwajiri peke yake, ukiona umekatwa kwenye mshahara wako, hilo ni kosa. Toa taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo, kwa maandishi, ukitaja saa, mahali na waliokuwepo. Hospitali waeleze kwamba umeumia kazini ili waandike hivyo. Aliyekatwa na kisu cha minofu akasema "nimejikata nyumbani" kwa kumwonea haya msimamizi hujifunga mwenyewe. Madai yasipite miezi 12. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya mshahara.

Kwa mvuvi aliyezama akiwa kazini, familia ndiyo inayodai. Wanahitaji cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na uthibitisho wa uajiri. Hapo ndipo ile orodha ya BMU inapopata thamani yake.

Kima cha chini cha mshahara ni kiasi gani sasa?

Kinategemea sekta. Amri mpya ilianza tarehe 1 Januari 2026, na ile 358,322 inayotajwa sana (kutoka 275,060) ni wastani wa sekta binafsi, si kiwango chako. Omba jedwali kwa Afisa Kazi wa mkoa na utazame mstari wa uvuvi, viwanda, biashara au kazi za nyumbani. Dada wa kazi naye ana mstari wake, na likizo zote zilizotajwa hapo juu zinamhusu.

Tunaingiaje kwenye ruzuku ya TASAF?

Kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini huwezi kuandika barua ya maombi ukaingia. Kaya hutambuliwa wakati wa uandikishaji, katika mkutano wa kijiji au mtaa, halafu taarifa zao huhakikiwa. Usipohudhuria mkutano hakuna wa kukutaja. Usilipe mtu yeyote ili uandikwe.

Sehemu ya ruzuku ina masharti: watoto wadogo wahudhurie kliniki, wa shule wafikishe asilimia 80 ya mahudhurio. Msimu wa dagaa ukichanganya watoto hukosa shule wakaenda kuanika kwenye chanja, halafu malipo yanayofuata yanakuja yamepungua na mama hajui kwa nini. Ni hilo. Kama mahudhurio yalikuwa sawa, chukua uthibitisho kwa mwalimu na umpelekee mratibu wa TASAF wa halmashauri. Pia mtoto akihama shule, taarifa ihame naye.

Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri?

Haina riba. Mgawanyo wake ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye husaidia kusajili kikundi. Kikundi kilichoundwa juzi kwa ajili ya fedha tu hujulikana: hakina shughuli, hakina akiba, viongozi ni ndugu. Wanaoanika dagaa waonyeshe chanja zao, daftari la mauzo na bei ya mwaloni. Mnapopanga marejesho, kumbukeni wiki za mbalamwezi ambazo hakuna mauzo.

Cheti cha kuzaliwa kina haja gani kwa mtoto mdogo?

Bila hicho huwezi kumwingiza kwenye bima ya NHIF (mwanachama, mwenza na wategemezi wasiozidi 4), na madai ya mirathi au fidia hukwama. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hutolewa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Ukingoja mpaka apite umri huo utalipa ada na kuzungushwa zaidi.

Baba wa mtoto amehamia mwalo mwingine na haleti matumizi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai mzazi chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, awe amefunga ndoa au la. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atamwita na kujaribu makubaliano ya maandishi. Akikaidi, ombi hupelekwa mahakama ya watoto. Wito unahitaji mahali pa kumpata, kwa hiyo kabla ya kwenda ulizia BMU ya huko anakovulia, chukua jina la mtumbwi na la mwenye mtumbwi, na orodhesha gharama za mtoto za mwezi kwa tarakimu: unga, mafuta, sare, daftari, dawa.